Nyuzi nne zilizopotea

Mezani kulikuwa na mizani, kipimajoto, kijiti cha kukorogea na bika nene la kioo, gramu 150. Kazi ya siku ile ilikuwa moja: maji gramu 100 ya nyuzi 20 yachanganywe na gramu 200 ya nyuzi 80. Hesabu tulishaifanya ubaoni. 100 mara 20, jumlisha 200 mara 80, gawa kwa 300: 60. Kuna aliyejumlisha 20 na 80 akagawa kwa mbili akapata 50. Akakumbushwa kwamba maji ya moto yalikuwa maradufu ya yale ya baridi.

Tuliyapima kwa mizani, si kwa silinda ya mililita. Maji ya nyuzi 80 yametanuka, na mililita 200 zake zina kama gramu 194 tu.

Maji baridi yalitangulia kwenye bika. Nikamimina ya moto, mwenzangu akakoroga, kipimajoto kikiwa kimening'inia katikati bila kugusa kitako. Kikapanda upesi, kikasita, kikatulia kwenye 56. Tukarudia upya na bika likiwa limepoa: 56 tena. Mwenzangu alikwishashika kalamu aandike 60, maana ndilo jibu lililokuwa ubaoni. Mwalimu akamzuia, akamwambia aguse bika. Lilikuwa la moto.

"Hilo nalo limekunywa," akasema.

Gramu moja ya kioo hushika joto karibu moja ya tano ya lile linaloshikwa na gramu moja ya maji. Basi bika letu lilikuwa sawa na gramu 30 za maji baridi ambazo hakuna aliyezihesabu. Tukaziingiza: 130 mara 20, jumlisha 16,000, gawa kwa 330. Ikaja 56.4. Kile kidesimali kilichosalia kiliondoka na mvuke, na huwa kikubwa zaidi kwa anayezubaa na maji mkononi.

Kisha mwalimu akatugeuzia mpangilio. Maji ya moto yakae kwanza kwenye bika mpaka kioo nacho kishike moto, yapimwe yakiwa 80 humo humo, ndipo ya baridi yamiminwe. Nilitarajia 56 ileile. Maji ni yaleyale, bika ni lilelile. Tukasoma 61. Imevuka hata 60! Safari hii zile gramu 30 zilikuwa zimehamia upande wa moto: 230 mara 80, jumlisha 2,000, gawa kwa 330, ni 61.8, toa kilichoibwa na hewa.

Mwisho tukachukua kikombe cha stairofomu, ile plastiki nyepesi ya povu, gramu 3 tu, chenye kifuniko kilichotobolewa tundu la kipimajoto. Maji baridi kwanza, ya moto baadaye, kifuniko juu, koroga. 59.5. Mwenzangu akaandika 59.5, na kalamu akaiweka chini.