Unga wa kijani na tangawizi yangu

Tangawizi ikianza kuoza, ukishika shina na kulivuta kidogo linakuja lenyewe mkononi, na chini yake kuna uvundo ambao hutausahau. Mwaka juzi niling'oa mashina ya namna hiyo karibu nusu ya shamba langu huku Mamba Miamba, wilaya ya Same. Majani ya chini yalikuwa yameanza njano kwenye ncha, nikasingizia jua. Jua gani, na ilikuwa masika!

Bwana shamba alipofika hakutaja dawa. Alikata kipande cha shina, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, tukangoja. Kingetoa uzi mweupe kama maziwa, ugonjwa ungekuwa wa bakteria na unga aliotaka kunishauri usingenifaa kitu. Maji yakabaki safi vilevile.

"Hii ni pithiamu, mzee, ukungu wa kuozesha mizizi. Inasafiri na maji."

Unga wenyewe ni fangasi, inaitwa trikoderma. Mke wangu akauliza kwa nini tununue ukungu wakati stoo tunao wa bure. Huu wa kununua hujizungusha kwenye nyuzi za ukungu mbaya ukazila, tena huwahi kukaa kwenye mizizi kabla ya adui. Kwa hiyo shina lililokwisha oza haliponi. Hayo nilichelewa kuyaelewa.

Nilichanganya kilo 1 na kilo 100 za samadi iliyooza vizuri (mbichi ina joto, itauua), nikanyunyiza maji mpaka konzi ikifinywa inashikana bila kuchuruzika, nikafunika kwa magunia kivulini. Kila baada ya siku chache niliigeuza. Zilianza nywele nyeupe, halafu ndani ya wiki mbili lundo likawa la kijani. Kila shimo likapata konzi moja. Mbegu nilinunua mpya, kwa mtu ambaye shamba lake nimelikanyaga mwenyewe, nikailoweka nusu saa kwenye maji yenye unga huo na kuianika kivulini.

Kosa nililifanya kwenye matuta manne ya chini. Nilikuwa na kabendazimu iliyobaki, dawa ya dukani ya kuua fangasi, nikaimwagia humo nikidhani dawa mbili zitashinda moja. Nimeua fangasi yangu kwa mkono wangu, maana dawa ile haijui rafiki.

Lakini kazi kubwa ilikuwa maji. Mfereji unaotoka kwenye ndiva, yaani bwawa letu la kukusanyia maji ya kumwagilia, ulikuwa unapita kwanza shambani kwa jirani, naye tangawizi yake ilikuwa inaoza, ndipo uingie kwangu. Hata ningemwaga gunia zima la unga, angenirudishia ugonjwa kila zamu ya maji. Nikainua matuta, nikachimba mchepuko wa kupitisha maji pembeni. Ugomvi wa mchepuko ule ulichukua vikao viwili.

Msimu uliofuata niling'oa mashina yaliyooza yasiyofika ndoo moja, mengi yakiwa ya matuta yale manne. Jirani alikuja kuchungulia mavuno.

"Kaka, samadi yako ya kijani imebaki?"

Nikampa ndoo mbili, na jembe la kuinulia matuta.