Mshipa wa mguu wangu na siku 21 za uto wa moto

Mguu wa kushoto ulinikamata katikati ya tarawehe. Nilipoinuka kutoka kwenye sijida nikahisi waya wa moto umepita takoni, ukafuata nyuma ya paja, ukakata kigimbi na kuishia kwenye kidole kidogo. Nikamalizia sala juu ya kiti, nikidhani nimeteguka tu. Miezi 14 baadaye nilikuwa bado nasalia kitini, na usiku nalala kwa mafungu: saa moja kitandani, nusu saa nikizunguka sebuleni, kisha kitandani tena.

Mimi mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, nakaa Maskati. Kazi yangu ni hesabu, saa nane kwa siku kitini, na nadhani kiti ndicho kilichoniponza. Picha ya MRI ilionesha diski iliyo chini kabisa ya kiuno, baina ya pingili za L5 na S1, imetokeza na kuubana mzizi wa neva. Daktari aliniuliza maswali ya aibu: haja inanitoka bila kujijua? Nina ganzi sehemu za siri? Akasema likinitokea mojawapo nisingoje kuche, niende hospitali usiku huohuo. Sikuwa nayo. Akaniandikia pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, miligramu 75 asubuhi na jioni, akanipeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo, na akanambia diski nyingi za namna hii hujirudi zenyewe taratibu. Yangu haikuwa na haraka. Pregabalini iliupunguza moto, ila ilinifanya kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikawa nakosea kujumlisha hesabu za darasa la tatu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mtu aliyenyimwa usingizi huamini chochote. Nikaagiza kwa simu dawa ya "kuzibua mishipa ya fahamu", ikaja ndani ya kopo lisilo na jina la mtengenezaji: unga wa kijivu, kijiko kidogo kwa asali, kutwa mara mbili. Wiki ya kwanza nilipata nafuu, au nilitaka sana kuipata. Wiki ya sita tumbo linasokota, choo kimefunga siku tano, na mdomoni nasikia ladha ya funguo. Daktari alilitazama lile kopo muda mrefu, kisha akaagiza damu yangu ipimwe madini ya risasi. Yalikuwa juu ya kiwango. Na risasi, kwa asiyejua, ni sumu ya neva. Nilikuwa nanunua maradhi niliyotaka kuyatibu.

Baadaye nilisoma kwamba wapimaji wa Marekani walichukua dawa 193 za Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, zinazouzwa kwenye intaneti, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionesha takriban moja kati ya kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Nyingine huchanganywa makusudi, maana lipo tawi la tiba hiyo linalotumia madini yaliyochomwa mpaka yakawa jivu. Nikaapa sitotia tena mguu huko.

Aliyenitengua kiapo ni mwenye bakala, duka la vyakula, chini ya nyumba yetu, kijana wa Malappuram, jimbo la Kerala, India. Maskati wamejaa watu wa Kerala, na kila mmoja ana shangazi aliyepona. Nilipomsimulia alicheka kwa huzuni. "Mama, hiyo uliyokula wewe ni biashara. Kwetu mwenye mshipa kama wako haanzi kwa kumeza, anaanza kwa kulala."

Nilingoja risasi ishuke. Daktari wangu hakunizuia kwenda, ila alinipa masharti yake: pregabalini nisiiache ghafla, mtu asinivunje wala kunipinda mgongo, na chochote cha kunywa nimpelekee picha ya lebo kwanza. Julai 2023 mimi na dada yangu tukapanda ndege mpaka Kozhikode. Wenyeji walitwambia tumekuja kwa wakati, kwani mwezi wao wa Karkidakam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ndio wa kutia mwili mafuta. Mvua haikatiki, shamba hakuendeki, basi watu hujitibu. Tulifikia karibu na Kottakkal, mji unaojulikana kwa Arya Vaidya Sala, nyumba kubwa ya tiba ya Ayurveda iliyoanzishwa na P. S. Varier mwaka 1902. Sisi hatukulazwa huko, tulikwenda kwenye nyumba ndogo yenye vyumba sita, ya daktari mwanamke.

Yeye ni msomi wa chuo, shahada yao ya Ayurveda ni miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo. Picha za MRI alizitazama kabla hajanishika mkono. Nilipomwonesha picha ya lile kopo alikunja uso, akauliza nimelinunua kwa nani, na akataka majibu ya damu ya mwisho kabla ya kunipangia lolote. Kisha maswali: tumbo linajaa upepo? Usiku nakula saa ngapi? Naota nini? Maradhi yangu wao wanayaita gridhrasi, kutokana na jina la tumbusi, kwa sababu mgonjwa hutembea kama tumbusi aliye chini. Dada yangu alicheka mpaka akakaa. Waarabu hapa wanasema irku-n-nasaa. Mimi siku zote nilisema mshipa.

Akanieleza vata, ile nguvu ya mwendo mwilini, ambayo tabia yake ni baridi na ukavu, na ikichafuka huleta maumivu ya kurukaruka na ganzi. Nikamwambia kwetu tuna maradhi yanaitwa baridi yabisi, na yabisi maana yake ni ukavu. Akasimamisha kalamu, akaniomba nilitaje tena lile jina. Sisemi kwamba neva yangu ilikuwa na baridi, diski niliiona kwa macho yangu. Lakini tokea hapo nilifahamu kwa nini kila walichonifanyia kilikuwa cha moto na cha mafuta.

Asubuhi mabinti wawili walinilaza kwenye kitanda cha mbao kilichochongwa kama hori, wakanikanda kwa pamoja, mmoja kila upande, kwa uto wa ufuta uliopikwa na mizizi. Wananiita amma, yaani mama. Nilijiona mwari anayesingwa, uzeeni. Baada ya hapo mafurushi ya majani: mbono, mkwaju na mlonge, yaliyokaangwa na ndimu na nazi ya kukuna, yakafungwa kitambaani na kuchovywa uto wa moto. Chumba kizima kinanukia kama jiko la mtu anayeanza mchuzi. Majani yote hayo yapo uani kwetu Unguja, na hakuna hata siku moja aliyenambia niyakaange.

Kilichonifaa zaidi kwa maoni yangu ni kile wanachokiita kati vasti. Unga wa dengu nyeusi hukandwa kama wa chapati, ukazungushwa kiunoni ukawa kama ukingo wa kisima, kisha uto vuguvugu ukamiminwa ndani. Ukipoa wanaufyonza kwa pamba na kutia mwingine. Nusu saa. Siku ya nne nilisinzia mle mle kifudifudi, mtu ambaye kwa mwaka mzima sikuweza kulalia tumbo. Daktari alikuwa akiupima uto kwa mkono wake kwanza, na akanambia wenye sukari waliokufa ganzi ya nyayo huwaogopea sana, maana huungua bila kuhisi.

Halafu bomba. Ndiyo, kupigwa bomba, dawa inayotiwa kwa njia ya haja kubwa: asali na chumvi ya mawe na uto na maji ya mizizi, siku nane kwa zamu. Kwao ndiyo dawa kuu ya vata, wanasema ni nusu ya tiba nzima. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwa sharti dada yangu atoke nje ya jengo. Kama ilinisaidia mguu sijui kupima, tumbo ilinisaidia bila shaka. Cha kunywa kilikuwa kimoja tu, maji ya Sahacharadi, dawa yao ya mizizi iliyochemshwa, mililita 15 kwa maji vuguvugu kabla ya chakula, ya kiwanda na yenye lebo. Yana tangawizi kavu ndani, lakini uchungu wake unaifunika. Picha nilimtumia daktari wa Maskati kama tulivyoagana.

Chakula kilinitesa kuliko bomba. Uji wa mchele na choroko asubuhi, uji wa mchele na choroko jioni. Samaki hapana. Nje ya dirisha muuza dagaa anapita na pikipiki akipiga honi, na mimi mtu wa pwani nimelala nasikiliza.

Ile siku ya 21 nilitembea mpaka barabarani na kurudi bila kusimama. Maumivu niliyokuwa nikiyapa nane kwa kumi yalikuwa nne. Daktari hakuniahidi zaidi. Aliniagiza nikae siku 21 nyingine nyumbani bila kuinua kitu, bila safari, bila kuoga maji ya baridi, na mazoezi ya kiuno niliyopewa Maskati niyaendeleze.

Sasa nikiulizwa kipi kilichoniponya huwa najikuta nahesabu. Wiki sita sikukaa kiti cha ofisi. Diski nayo ilikuwa na muda wake wa kujirudi. Mazoezi sikuyaacha. Pregabalini ilikuwepo mpaka Novemba, daktari alipoanza kuipunguza kidogo kidogo. Uto ulilegeza misuli iliyokuwa imekaza kiunoni kama kamba ya mashua, nikapata usingizi, na nilipopata usingizi moto ukapungua. Hicho cha mwisho nakitolea ushahidi, vingine namwachia mwenye elimu. Shoga yangu mwenye mshipa kama huu alifuata njia yangu yote na akarudi vilevile, ikabidi afanyiwe upasuaji.

Siku hizi kila Alhamisi jioni mkaza mwanangu huniwekea kibakuli cha uto ndani ya maji ya moto, na nusu saa nalala kifudifudi na mzunguko wangu wa unga. Kitini nainuka kila nusu saa, wenzangu wa ofisini wamezoea. Nasujudu chini. Kidole kidogo tu ndicho hakijarudi: ndara ya kushoto hunivuka njiani nisijue, mpaka mjukuu wangu anikimbilie nayo mkononi.