Pikapu Iliyokataa Kukata Kona kwenye Lami

Tulipokuwa tukitoa viazi shambani karibu na Molo msimu wa mvua, niliweka wenzo kwenye 4H ili magurudumu yote manne yavute, na pikapu ikatoka matopeni bila shida. Tulishuka hadi Nakuru kupitia Elburgon na Njoro, lakini nilipokata kona kali kuingia sokoni, usukani ulikuwa mzito ajabu na matairi ya mbele yakalia kana kwamba nimekanyaga breki. Niliamini difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti, imevunjika.

Fundi hakufungua hata nati moja. Alielekeza kidole kwenye taa ndogo ya dashibodi, akasema, “Mzee, bado uko kwenye nne.”

Katika pikapu isiyo na difu ya katikati, 4H hufunga ekseli mbili zizunguke kwa kasi moja, ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Matopeni tairi huteleza na tofauti hiyo ikaisha. Kwenye lami kavu haina pa kutokea, hivyo shafti na gia hukazana, na zinaweza kuvunjika.

Wenzo ulikataa kurudi 2H, ambapo magurudumu mawili tu huvuta. Nilinyoosha usukani, nikarudi nyuma mita chache polepole, taa ikapepesa, ikazimika, na usukani ukawa mwepesi papo hapo.

Siku hizi, matope yakiisha, narudisha wenzo kabla ya kupanda lami na kusubiri taa izimike ndipo niongeze mwendo.