Miba ya mgebuka

Nimetoka hospitali sasa hivi, nipo kwenye bajaji narudi Ujiji.

Dada yangu ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, mwaka wa 4 huu. Tulishazoea viungo kuuma, uchovu, na mashavu kuwaka akipigwa na jua. Hili la kichwa hatukulijua.

Wiki nzima hakulala. Anasikia watu wakimsema nje ya dirisha. Jirani akasema ni majini, tutafute shehe. Shangazi naye akaafiki. Mimi nikasema hospitali kwanza, dua itatukuta huko huko.

Leo daktari katukalisha. Kumbe kinga hiyo ubongo nao haiuachi: degedege, kusahau, sonona, hata kusikia sauti. Ila hakukimbilia kusema ni lupasi. Kapimwa malaria, katolewa maji ya uti wa mgongo kuangalia maambukizi, wakauliza na dozi ya prednisoloni, dawa yake ya kutuliza kinga, maana ikiwa kubwa nayo huweza kumvuruga mtu. (Na jamani, dawa hiyo haiachwi ghafla.)

Mchana nikampelekea ugali na samaki, mgebuka.

Akaichambua miba yote, taratibu, kisha akanisogezea sahani.

"Kula mama, usimeze dawa za presha na njaa."

Mimi sina presha. Mama ndiye alikuwa nayo. Tulimzika 2016.

Nikala.

Aliyeuguza mtu wa hivi, akili ilichukua muda gani kutulia? Niandikieni hapa, au inboksi kama hapa pagumu.