Hedifoni iliyokufa upande mmoja ndiyo iliyonifundisha Blue Bossa

Kila niliyemuuliza jinsi ya kujifunza kupiga jazi alinijibu vilevile: "Weka traki ya kusindikiza, piga nayo kila siku, utazoea." Na kweli nikazoea. Miezi mitatu nilikuwa napiga Blue Bossa, wimbo wa jazi, chumbani kwangu Sinza, saksafoni ya alto nimeielekeza kwenye godoro nililolisimamisha ukutani ili mama mwenye nyumba asinifukuze, na nikajiona fundi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa aibu tupu. Nilipata rekodi za kusindikiza za Jamey Aebersold, yule Mmarekani aliyeanza kuzitoa mwaka 1967. Huja na kitabu chenye kurasa za ala za C, za B fleti na za E fleti. Mimi nikafungua ukurasa wa kwanza niliouona, wa C, nikapuliza. Alto ni ya E fleti: wewe ukipiga C yako, inayosikika kwenye kinanda ni E fleti. Wiki nzima nikadhani jazi ndivyo ilivyo, ina uchungu kidogo kama mlonge.

Nilipopata ukurasa wangu mambo yakanyooka. Wimbo huo wa Kenny Dorham, mpiga tarumbeta Mmarekani, ni mfupi, vipimo 16 tu, yaani vifungu 16 vya mapigo manne manne. Kwa alto unaanzia ufunguo wa A maina, kipimo cha tisa unaelekea B fleti meja, unakaa huko kidogo, kisha unarudi ulikotoka. Nikaupiga mpaka mama mwenye nyumba akawa anauimba akichambua mchicha.

Ijumaa moja bendi ya hoteli fulani wakanikaribisha nipige wimbo mmoja. Melodi ikapita salama. Nilipoanza soloo, sehemu ya kubuni melodi yangu mwenyewe, mpiga kinanda akanyanyua mikono, akachukua glasi yake ya maji, akaniachia besi na dramu. Ni heshima hiyo, ananipa nafasi. Mimi nikapotea kama mgeni Kariakoo. Nikaingia B fleti wakati wenzangu wameshatoka huko zamani. Mpiga besi alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole chenye jipu.

Nikarudi kwa washauri wangu. "Ongeza masaa." Haya.

Sasa, hedifoni zangu za elfu tano, au saba, zikafa upande wa kulia. Nikaweka traki: besi ipo, dramu zipo, kinanda hakuna! Nikadhani faili limeharibika. Kumbe traki hizo zimerekodiwa hivyo makusudi, besi kushoto, kinanda kulia, dramu pande zote mbili, ili mpiga kinanda au mpiga besi aweze kumzima mwenzake na kukaa mahali pake. Nikapiga hivyohivyo na kufika kipimo cha tisa nikapotea palepale nilipopotea hotelini. Miezi yote ile nilikuwa sihesabu kitu. Nilikuwa nasubiri kinanda kininong'oneze nilipo.

Sikununua hedifoni nyingine. Nikaacha kupuliza karibu wiki mbili, nikawa naimba tu mizizi ya kodi (si zile za TRA), yaani noti inayobeba kila fungu la noti zinazopigwa pamoja, juu ya besi: A, D, B, E, A, halafu C, F, B fleti, halafu B, E, A nyumbani. Niliimba hata kwenye daladala, konda akaniuliza kama naumwa. Na ukiona traki inakukimbiza, ipunguze kasi bila aibu. Wanaojisifia kasi wengi wao hawajui walipo.

Ujanja wa mwisho ni wa mpwa wangu wa miaka tisa. Nampa simu, mimi napuliza. Akitaka anazima sauti, anakaa kimya anahesabu kwa vidole vya miguu, kisha anairudisha ghafla. Nikiwa si mahali pamoja na besi, anapiga kelele, "Mjomba, umechelewa!" na mimi nadaiwa soda. Tulianza na vipimo vinne vya kimya, vikawa vinane, sasa ni mzunguko mzima. Wiki ya kwanza nilimnunulia karibu nusu kreti, dada yangu akaja juu kwa ajili ya meno ya mtoto.

Nilirudi hotelini. Mpiga kinanda akanyanyua mikono tena, akachukua maji yake. Safari hii sikumtafuta. B fleti tuliingia pamoja, mimi na besi, na mpaka amalize ile glasi tulikuwa tumeshazunguka mara mbili. Mpwa wangu anadai na soda ya siku hiyo, ati bila yeye ningeaibika.