Nusu kichwa, theluji tele

Leo niko saloni, Majengo hapa Moshi. Nimesukwa nusu kichwa, TV ikahamia kuteleza kwenye theluji. Marudio. Rimoti haionekani, basi tukaangalia.

Slalomu kubwa ya wanawake, yaani mbio za kushuka mlima kwa ski ukikata kona kwenye vibendera, Kronplatz, Italia, Januari 2023. Wanashuka mara mbili, muda unajumlishwa. Hapo Mikaela Shiffrin wa Marekani alipata ushindi wa 83 wa Kombe la Dunia, ambalo ni mfululizo wa mbio za msimu mzima, akampita Mmarekani mwenzake Lindsey Vonn, ambaye wakati huo alikuwa na 82. Msimu ulipoisha akabeba na taji la slalomu kubwa.

Lara Gut-Behrami wa Uswisi akawa wa pili, na tofauti haikufika nusu sekunde!

Dada msusi akasahau kazi. Kashika rasta yangu moja, na kila Shiffrin akikata kona kwenye kibendera, mkono wake unakata naye. Kulia. Kushoto. Kichwa changu ndicho kilikuwa mashindanoni jamani, hadi sasa kinawaka moto.

Bibi mmoja wa Kibosho, anasubiri zamu, akachungulia dirishani. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, na kale kaweupe kake juu.

"Mjukuu wangu, hawa wakija kwetu si watateleza sekunde mbili wamefika kwenye mawe?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza.

Ninyi mngemjibuje?