Jino la Mama lilipotunga usaha

Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi. Nyumbani kwetu, kama kwa wengi wenye mgonjwa wa sukari, kila mtu anajua kumkagua miguu: kidonda, mchubuko, kucha iliyoingia nyamani. Mdomo haukaguliwi. Naandika haya kwa ajili ya wanaouguza wazazi wao, kwa sababu jipu la jino la Mama lilianza kuonekana kwenye kipimo cha sukari kabla halijaonekana mdomoni.

Asubuhi kabla hajala, sukari yake huwa milimoli 7 au 8 kwa lita. Ikapanda hadi 11, ikaja 14, na hakuna kilichobadilika. Vidonge anameza, chai anakunywa kavu, wali anapimiwa. Kliniki walishatuambia kwamba sukari ikipanda bila sababu tutafute ugonjwa uliojificha, maana maambukizi hupandisha sukari, na sukari ikiwa juu mwili nao hushindwa kupambana na maambukizi. Basi nikaanza kutafuta. Mkojo hauchomi, kifua hakibani, miguu mizima.

Mezani ndipo nilipoona anatafunia upande mmoja. Mkate anauchovya kwenye chai mpaka ulainike kabisa, samaki wa kukaanga anamsogezea mjukuu. Mama si mtu wa kulalamika, kwa hiyo ukimsubiri aseme utasubiri sana. Usiku nikamkuta ameketi kitandani, mito ameipanga mgongoni.

"Mama, vipi, hulali?"

"Jino tu, mwanangu. Nikijilaza linapwita. Halafu naona kama limerefuka, nikifunga mdomo linatangulia lenyewe kugusa."

Maneno yale mawili yalitosha. Ukilala damu huongezeka kichwani, na jino lenye usaha huzidi kupwita. Huko kurefuka nako si mawazo: usaha ukijikusanya kwenye ncha ya mzizi hulisukuma jino juu kidogo. Nikawasha tochi ya simu nikamwambia apanue mdomo. Gego la chini upande wa kulia lilikuwa na tundu la siku nyingi, na kwenye ufizi pembeni yake kulikuwa na kivimbe cha ukubwa wa kunde, chekundu, kinang'aa, katikati kimeanza kuwa cheupe. Nikagonga taratibu meno ya jirani kwa mpini wa kijiko, hakusema kitu. Nilipofika kwenye lile, akanidaka mkono.

Kabla ya kuamua kama tungoje kukuche, nilimkagua mambo ambayo ningeomba kila anayeuguza ayajue kwa moyo. Je, mdomo unapanuka kama kawaida? Anameza mate yake au yanamdondoka? Sauti imebadilika? Anapumua vizuri? Ana homa? Uvimbe umepanda hadi jicho kufumba, au umeshuka chini ya kidevu na kuwa mgumu? Ulimi umenyanyuliwa juu? Uvimbe wa chini ya kidevu na ulimi unaitwa kwa jina la Ludwig, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1836. Chanzo chake mara nyingi ni magego ya chini kama lile la Mama, na unaweza kuziba njia ya hewa. Ukiona lolote kati ya hayo niliyoyakagua haliko sawa, usitafute kliniki ya meno wala usisubiri asubuhi. Ni hospitali kubwa, mapokezi ya dharura, usiku huohuo. Mama alikuwa na shavu lililojaa kidogo tu, kwa hiyo tukangoja.

Nilimpa panadoli vidonge viwili vya miligramu 500, na mtu mzima asizidishe vinane kwa saa 24. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, sikumpa kwa sababu ana presha na figo zake zinaangaliwa. Nikamchanganyia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue na kutema. Karafuu tuliijaribu, na kweli inatia ganzi kidogo, lakini haifiki kwenye mzizi. Aspirini ya kubandika kwenye ufizi niliikataa, ile inaunguza nyama. Kutumbua kwa sindano ya nyumbani ndiyo kabisa.

Alfajiri akaamka anatabasamu. Kivimbe kilikuwa kimepasuka chenyewe, akasema mdomoni kulimjaa kitu chenye chumvichumvi na harufu mbaya, kisha maumivu yakakata. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Jirani yetu naye akaongezea lile tunalolisikia tangu utotoni, kwamba jino haling'olewi likiwa limevimba, kwanza ameze dawa uvimbe ushuke. Duka la dawa walikuwa tayari kutupa antibayotiki, amoksilini na metronidazoli, bila hata kuuliza anaumwa nini.

Sikubishana na yeyote. Nilimpima Mama sukari akiona mwenyewe, ikasoma 13.

"Mama, kama limepona, hii inatoka wapi?"

Akanyamaza, kisha akaomba kanga yake.

Aliondoka kwenda kliniki ya meno amekula na kumeza dawa zake kama kawaida, kwa sababu mgonjwa wa sukari akikaa kwenye kiti cha meno na njaa anaweza kushukiwa na sukari palepale. Daktari alipiga picha ya eksirei akatuonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali usaha ulipokula mfupa. Akatueleza kwa subira kwamba ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena, kwa hiyo dawa ya kumeza haiingii humo. Inaweza kutuliza uvimbe, lakini kiota cha wadudu kinabaki, na usaha utarudi. Lazima chanzo kiondolewe, ama kwa kusafisha mzizi na kuuziba, ama kwa kung'oa. La Mama lilikuwa limepasuka mpaka chini ya ufizi, halikuwa la kuokolewa.

Nikamuuliza kuhusu kusubiri uvimbe ushuke. Akasema kusubiri ndiko kunakowapeleka watu hospitali kubwa. Ganzi hushindwa kufanya kazi vizuri ikidungwa kwenye nyama yenye usaha, na huenda ndipo imani ile ilipoanzia, watu waling'olewa wakihisi kila kitu. Yeye aliidunga nyuma kabisa ya taya, kwenye mshipa wa fahamu kabla haujafika penye ugonjwa. Mama alihisi kusukumwa tu. Usaha uliotoka ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani, na kile kivimbe kilionekana kidogo vile.

Antibayotiki alimpa pia, kwa sababu ya sukari na lile shavu, baada ya kumuuliza kama penisilini iliwahi kumtoa vipele. Akang'ata shashi mpaka damu ikakata. Siku hiyo hakusukutua kabisa, ili damu igande kwenye shimo. Maji ya chumvi tuliyarudia kesho yake.

Kilichonipa kazi ni chakula. Anakula uji na viazi vya kuponda, kidogo kidogo, na dawa za sukari anameza zilezile, kwa hiyo nilimpima mara nyingi zaidi kuliko kawaida nikihofia sasa isishuke mno. Haikushuka. Iliteremka polepole mpaka ikarudi kwenye 8 yake, na usingizi ukarudi.

Kwenye ukaguzi uleule daktari aliona gego la juu linaloanza kutoboka, likazibwa, na fizi za mbele zinazovuja damu, ambazo kwa mwenye kisukari hulegeza meno upesi. Tarehe ya kusafishwa fizi ameiandika kwenye daftari la kliniki ya sukari, chini ya ile ya kupimwa macho.